Siku ya Tatu

Mara ya kwanza walikuja na karatasi.
Kurasa kumi na nne zimebanwa pini pembeni,
na maswali yaliyovaa tai:
Kwa wiki unakula nyama mara ngapi?
Paa lako limeezekwa kwa nini?
Aliyeuliza alikuwa amekaa chini yake.
Ukijipima, wewe ni wastani, maskini, au maskini sana?
Nikajibu: wastani.
Mtu haungami kwa mgeni
ambaye hata maji hakunywa.

Basi la chuo likarudi mjini,
na mimi, Umazi wa Ngowa, hapa Mwakirunge,
nikabaki na nakala zilizosalia.
Zilinifaa. Nilifungia viazi karai mwezi mzima,
watoto wa shule wakilamba pilipili
juu ya swali la tisa.

Msimu ule muhogo ulinidanganya.
Juu, majani yamenawiri kama bi harusi;
chini, nilipoupasua,
nyama yake ina kutu, msumari wa bafuni.
Jirani Mwaringa akasema ni jicho.
Mkwe wangu akasema ni moshi wa jaa,
maana taka za mji mzima huletwa kwetu:
mji watuletea maganda, sisi twaupelekea mchicha.
Mimi sikusema kitu. Nilihesabu magunia.
Hesabu haikuchukua muda.

Mara ya pili alikuja mmoja, kwa miguu,
gari aliloahidiwa lilikuwa na safari nyingine.
Mghoi, binti wa Kitaita, mwaka wa nne,
viatu vya mpira, mkoba wa kupimia udongo.
Siku ya kwanza nikampa kiti.
Siku ya pili nikampa uji.
Siku ya tatu, mwajua wenyewe ya tatu hupewa nini,
akalitafuta kabla sijamwonyesha,
akalishika vibaya, kama mwiko,
na kufikia alasiri viganja vyake
vilikuwa na malengelenge manne.
Nikamwekea maji ya chumvi.
Nikamwambia: lile swali la umaskini,
andika upya.

Si jicho, akasema.
Ni inzi mweupe, mdogo kuliko punje ya mtama,
na ni pingili tunazopeana, jirani kwa jirani,
dada kwa wifi, kwa mapenzi.
Hilo liliniuma kuliko jicho.
Pingili zile nilipewa na marehemu mama.
Nilizichoma mwenyewe, usiku, Mghoi akishika taa,
na hakuna aliyemwambia mwenzake neno.

Lakini naye alikuwa na la kujifunza.
Ramani yake ilisema kona ya chini ni kavu.
Nikamwambia, subiri mvua ya mwaka.
Akasubiri. Maji yakamfika kwenye vifundo vya miguu.
Akairekebisha ramani,
akaliandika jina langu pembeni kwa penseli.
Nikamwambia: kwa wino.

Mbegu tatu alizoleta, moja ilikufa yote.
Ya pili ni chungu, mbuzi wenyewe waliikataa.
Ya tatu ndiyo hii mnayoiona,
nyeupe ndani mpaka nikaipasua mara mbili
kuhakikisha macho yangu.
Ngumbao, aliyeacha shule kwa deni la karo,
ndiye sasa anayeandika daftari la mvua,
na kila Jumamosi mwalimu wa chuo huja,
hukaa juu ya mtungi wa plastiki,
husema kidogo, huuliza, hunyamaza.
Amenyamaza vizuri kuliko wengi.

Leo basi limekuja tena.
Wanafunzi saba wa mwaka wa kwanza,
viatu vyeupe, kurasa kumi na nne.
Karibuni, wanangu. Maji yale pale, kunyweni.
Sitasubiri siku ya tatu, msimu hausubiri.
Majembe ni matano, nyinyi mko saba;
wawili watamenya viazi.
Na karatasi msizirudishe garini.
Za kufungia zimeniishia.